Kabla basi halijashuka Kitonga

Mwanafunzi wangu alipiga ukelele mmoja tu, kisha akanyamaza. Ilikuwa mwaka 2016, ufukweni Bagamoyo, saa tisa alasiri, maji yamekupwa hadi mashua zimekaa mchangani. Tulikuwa walimu watatu na wanafunzi arobaini na wawili wa kidato cha tatu kutoka Iringa, na wengi wao ndiyo kwanza wanaiona bahari. Kijana huyo, mzaliwa wa Kilolo, alitoka majini akichechemea, damu ikimchuruzika juu kidogo ya kifundo cha mguu. Jeraha lenyewe halikuzidi urefu wa kidole gumba. Lakini alikuwa ameukumbatia mguu kwa mikono miwili, mwili mzima unatetemeka, na hazikupita dakika kumi akaanza kutapika.

Sikujua la kufanya. Nafundisha historia, na ziara ile nilikuwa nimeiandaa kwa wiki sita. Wanafunzi wangu walijua kwamba msikiti wa kale wa Kaole ni wa karne ya 13. Walijua misafara iliishia wapi, na kwamba mwili wa David Livingstone ulipumzishwa Bagamoyo mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Kuhusu bahari yenyewe nilikuwa nimewaambia maneno mawili: msiende mbali. Kijana yule hakwenda mbali. Maji yalikuwa yanamfika magotini.

Kila aliyekuwa karibu alikuja na dawa yake. Mmoja alisugua jeraha kwa mchanga. Mwingine alitaka mguu ukojolewe. Wa tatu alikuwa na wembe, anataka kuchanja ili sumu itoke. Mimi nilivua mtandio wangu nikaufunga chini ya goti na kuukaza kwa nguvu zangu zote, kama nilivyowahi kusikia watu wakisema juu ya nyoka. Yote manne yalikuwa makosa, na kosa la nne lilikuwa langu.

Ndipo mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu kivulini mwa mashua alipotusogelea. Nikamwamkia, naye akaitikia marahaba huku macho yake yako mguuni. "Taa huyo, Mwalimu," akasema. "Fungua hicho kitambaa. Mtafutieni mtoto maji ya moto." Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai na vitumbua jirani na soko la samaki alikuja na chupa yake ya chai, ndani maji matupu ambayo hajayatia majani, na beseni la kuoshea vyombo. Mzee alichanganya na maji baridi, akatumbukiza mkono wake mwenyewe, akangoja, akaongeza baridi kidogo, akatumbukiza tena. Aliporidhika ndipo akauingiza mguu wa kijana.

Baada ya kama robo saa kilio kilikoma. Kila maji yalipopoa, kijana alikunja uso na mama akaongeza ya moto. Saa moja na zaidi tulikaa pale. Mwishoni kijana aliomba chai. Baadaye zahanati walilisafisha jeraha, wakatazama kama kuna kipande cha mwiba kilichobaki ndani, wakampiga sindano ya pepopunda. Lakini maumivu yale yaliyokuwa yakimtapisha yalitulizwa mchangani, kwa maji ya chai.

Nimeyabeba haya kwa miaka mingi, na leo nayaandika kwa sababu bado naona mabasi yetu yakishuka kama lilivyoshuka letu. Shule za Mbeya na Iringa zinapeleka watoto pwani kila mwaka. Kwaya zetu zinakwenda kurekodi Dar es Salaam, na kabla ya kurudi lazima wapite Coco Beach au wavuke Kigamboni. Vijana wetu wanapata vyuo huko, na Jumamosi ya kwanza wanatafuta ufukwe. Tunashuka bila kuijua bahari, na huku dawa ya kwanza ya miiba yake ndiyo kitu tulicho nacho kwa wingi kuliko watu wote wa nchi hii. Mimi nilizaliwa Tukuyu, kwenye mashamba ya chai. Sasa naishi Iringa, na chai ya Mufindi haikauki nyumbani kwangu. Hakuna safari ya mtu wa Nyanda za Juu Kusini isiyo na chupa ya maji ya moto, isipokuwa ile ya kwenda pwani, kwa kuwa kule tunasema kuna joto.

Najua jibu nitakalopewa: bahari si yetu. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Lakini maji ya Usangu huingia Ruaha Mkuu, yakapita Mtera na Kidatu, yakaungana na Rufiji na kumwagika baharini mkabala na Mafia. Maji yetu yameshazoea safari hiyo, na tangu miaka ya 1970 reli ya TAZARA inatuteremsha na sisi. Bahari ni yetu kama ilivyo ya Mzaramo na Mmakunduchi. Tofauti ni kwamba mtoto wa kwao hujifunza bahari akifuata nyayo za mama yake. Wanawake wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, hawaingii majini kwa kukurupuka. Wanajua bamvua ni lini, maji yanakupwa saa ngapi, na kwa nini mguu unahitaji kiatu. Mtoto wa Kihesa, Iringa, au wa Mwanjelwa, Mbeya, hana wa kumfuata nyayo. Mwalimu wake ndiye mama yake kwa siku hiyo, na mwalimu huyo, kama nilivyokuwa mimi, hajui.

Basi nieleze nilichojifunza tangu siku ile, kwa wazee wa pwani na kwa wauguzi niliowasumbua kwa maswali.

Taa ni samaki bapa anayejifukia mchangani kwenye maji mafupi. Mkiani ana mwiba wenye meno kama msumeno, na meno hayo yanatazama nyuma, kwa hiyo mwiba ukitoka unachana zaidi kuliko ulipoingia. Hashambulii mtu. Akikanyagwa, hupiga mkia. Maji ya Bagamoyo yamechafuka kwa tope la mito, huwezi kumwona. Mzee wa nyavu alinifundisha dawa yake kwa sentensi moja: usinyanyue mguu, uburute. Mguu unaoburuzwa unamgusa taa ubavuni naye anaondoka. Mguu unaonyanyuliwa unamshukia mgongoni. Kijana wangu alikuwa akikimbia.

Penye miamba na matumbawe yuko kiumbe wa mviringo, mweusi, mwenye miiba mirefu kama ya nungunungu. Miiba yake ni myembamba na hukatikia ndani ya nyama. Watu wa Unguja hupaka utomvu wa papai bichi, na ni desturi ya siku nyingi. Linaloumiza zaidi ni kuichimbua miiba hiyo kwa sindano ya kushonea hadi mguu mzima uoze. Toa kwa kibano ile inayoonekana na kushikika, loweka mguu kwenye maji ya moto, na kama mwiba umeingia kwenye kiungo, nenda hospitali. Penye miamba hiyohiyo hukaa samaki anayefanana na jiwe kiasi kwamba unaweza kumtazama na usimwone. Mgongoni ana miiba kumi na mitatu yenye sumu kali. Maumivu yake yanashinda ya taa, na aliyechomwa naye anapelekwa hospitali hata kama maji ya moto yamemtuliza.

Halafu yuko yavuyavu, ambaye wengine humwita konyeza, anayeelea kama mfuko wa plastiki na kuburuta nyuzi zake. Huyu hachomi kwa mwiba. Nyuzi zake zina vifuko vidogo sana vya sumu, na ukizisugua, vile ambavyo havijapasuka navyo vinapasuka. Ndiyo maana mchanga ni kosa, taulo ni kosa, na maji ya kunywa ya chupa nayo ni kosa. Suuza kwa maji ya bahari yaleyale, bandua nyuzi kwa kibano au kwa mkono uliofunikwa, kisha maji ya moto. Siki huko Australia hutumika kwa yavuyavu hatari mwenye umbo la sanduku, lakini kwa aina nyingine wataalamu hawajakubaliana, kwa hiyo mimi siitegemei.

Na yuko mmoja ambaye watoto wetu humwendea wenyewe kwa furaha. Mtoto wa bara akifika ufukweni jambo la kwanza ni kuokota makombe ya kupeleka nyumbani. Kuna konokono wa baharini mwenye gamba lenye umbo la pia, lenye marembo mazuri mno. Akiwa hai, huchoma kwa kijino kama mshale, na baadhi ya aina zake zinaweza kuua mtu. Kanuni yangu kwa wanafunzi ni fupi: hatuokoti kitu chochote kilicho ndani ya maji. Aliyeshika gamba la namna hiyo akahisi mchomo, asitembee. Abebwe, mkono au mguu wake utulizwe usitikisike, aende hospitali haraka.

Sasa hayo maji ya moto. Sumu ya miiba ya samaki kwa sehemu kubwa ni protini, na joto huidhoofisha. Joto pia hupunguza maumivu yanayopita kwenye mishipa ya fahamu. Wazee wa pwani walijua matokeo hayo bila kuhitaji maelezo, na hospitali zimeyathibitisha. Mwaka 2006 madaktari wa Australia walichapisha utafiti wa waogaji 96 walioumwa na kiumbe wa buluu anayeelea, jamaa wa yavuyavu. Kundi moja lilitibiwa kwa maji ya moto ya nyuzi joto 45, jingine kwa barafu. Baada ya dakika 20, asilimia 87 ya waliopewa maji ya moto walisema maumivu yamepungua. Kwa waliopewa barafu ilikuwa asilimia 33. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na aliyewahi kuchomwa na taa atakwambia kwamba kinachompanda mguuni ni moto kwelikweli.

Lakini hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa sababu dawa hii inaweza kuleta jeraha la pili. Nyuzi 45 ni mwisho. Maji yaliyotoka jikoni yanabambua ngozi, na mtu aliye kwenye maumivu makali hawezi kupima, atakwambia ongeza hata kama anaungua. Anayepima ni mwingine, kwa mkono wake mzima, kama alivyofanya mzee yule. Wanafunzi wangu nawaambia kipimo wanachokijua: maji ya kuoga ya asubuhi ya Juni kule Mafinga, yale unayojimwagia kwa kuvuta pumzi lakini unaendelea kuoga. Mguu ukae humo dakika 30 hadi 90, yakipoa unautoa, unaongeza ya moto, unapima upya, unaurudisha.

Maji ya moto hayafuti hospitali. Jeraha la mwiba linaoza kwa urahisi, na kipande kikibaki ndani kinaweza kusumbua kwa wiki nyingi. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni hautolewi ufukweni. Unaachwa ulipo, mgonjwa anakimbizwa. Ulimwengu ulilijua hilo tarehe 4 Septemba 2006, pale Steve Irwin, Mwaustralia aliyezoea wanyama wakali kuliko taa, alipochomwa kifuani na kufariki. Na aliyechomwa akipumua kwa shida, akivimba uso au akizimia, huo si wakati wa beseni tena, bali ni wa gari.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniambia ninahangaika na miiba wakati kinachoua watoto majini ni kuzama. Ni kweli, na sitabishana naye. Mtu wa kuhesabu vichwa kila dakika tano, mpaka usiovukwa, maji yasiyozidi kiuno kwa asiyejua kuogelea, hayo ndiyo ya kwanza. Lakini nilikuwepo Bagamoyo siku ile. Baada ya ukelele mmoja, nusu ya darasa walikimbilia kwa mwenzao na nusu walikimbia wasijue wanakwenda wapi, na wawili kati yao walikimbilia kwenye maji ya kina. Hofu ya kitu usichokijua humzamisha mtu upesi. Mtoto aliyeambiwa mapema kwamba kuna taa, na kwamba akichomwa kuna dawa, hatakimbia ovyo. Masomo haya mawili ni somo moja.

Mwingine aliniambia watu wa Kyela wanaogelea Matema tangu kuzaliwa, bahari itawashinda nini. Ziwa Nyasa ni maji makubwa na lina hatari zake, lakini halina taa wala matumbawe. Mtu aliyelizoea ndiye anayetembea baharini bila viatu na bila kutazama. Hata hivyo somo la maji ya moto linarudi naye nyumbani, kwa sababu mwiba wa ubavuni mwa kambale, wa Nyasa au wa Mtera, unauma kwa namna hiyohiyo na unatulizwa kwa namna hiyohiyo. Kwa hiyo hata asiyefika pwani maisha yake yote ana faida ya kulijua hili.

Ninachoomba hakihitaji bajeti mpya. Kila shule, kila kwaya, kila kikundi kinachokodi basi kutoka kwetu kwenda pwani kitenge nusu saa ya somo kabla ya safari. Barua ya ruhusa tunayowatumia wazazi iongezwe mistari miwili: mtoto aje na viatu vya kuingia navyo majini, raba kuukuu au yeboyebo zenye kamba ya nyuma, kwa sababu kandambili hubaki mchangani hatua ya pili, na mzazi aeleze mtoto alichanjwa lini pepopunda. Wasichana wetu watakutana na chanjo hiyo kliniki wakiwa wajawazito. Wavulana wengi, baada ya zile chanjo za utotoni, hawakutani nayo tena mpaka siku wanapoumia.

Basi libebe beseni, kibano, dawa ya maumivu, na chupa mbili za maji ya moto zinazojazwa upya kwa mama ntilie wa mwisho kabla ya kufika ufukweni. Na tukifika, tumtafute mwenyeji. Tunamlipa mtu wa makumbusho atuelezee magofu, na ni haki yake. Kwa nini hatumlipi mvuvi atuelezee maji? Mwaka 2017 nilirudi Bagamoyo na darasa jingine, nikamtafuta mzee wa nyavu, nikamwomba azungumze na wanafunzi wangu. Alichora taa mchangani kwa ncha ya kasia, akaonyesha mkia unavyoinuka, kisha akawapanga mstari na kuwatembeza kwenye maji ya magoti, wote wakiburuta miguu. Nilipompa bahasha alishangaa. Akasema wageni humwuliza bei ya samaki, hajawahi kuona mgeni anayemwuliza habari za bahari.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake, ndivyo tulivyofundishwa, na sisi wa milimani tumeyachukulia maneno hayo kama sababu ya kuogopa. Mimi nayasoma kama sababu ya kuuliza kabla ya kufika.

Mwezi ujao tunashuka tena. Jioni ya kabla ya safari nitawakusanya wanafunzi bwenini, nitachora taa ubaoni, na kila mmoja atatumbukiza mkono kwenye beseni ili aijue nyuzi 45 kwa ngozi yake mwenyewe. Saa kumi na moja alfajiri tutaondoka Ipogolo kukiwa bado na baridi. Nyuma ya kiti cha dereva patakuwa na beseni la bluu na chupa mbili za chai zilizojaa, na kuna mtoto nitakayemkabidhi azishike zisianguke basi likianza kona za mteremko wa Kitonga.